Nani Apande Keria ya Bi Zawena?

Sogeeni huku, na mwenye simu aizime. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, sitamfuata. Leo sisimulii ili mlale. Nina kesi mkononi, imenishinda, na nyinyi ndio mahakimu wangu. Mkubwa awe hakimu, mdogo awe hakimu, hata wewe uliyekuja kwa ajili ya chai tu, nawe hakimu.

Pale Tanga, Ngamiani, walikuwepo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimzidishia kiungo kimoja.

Shelukindo alizidishiwa mdomo. Kazi yake ni kupita mitaani na kipaza sauti, anatangaza msiba wa huyu, mechi ya wale, mbuzi wa fulani aliyepotea. Akitangaza msiba, hata wasiomjua marehemu wanatoa leso. Siku moja alikosea nyumba, akatangaza kifo cha mtu mzima wa afya. Yule mtu akatoka nje, akaketi barazani, akalia na wenzake kama robo saa ndipo akashtuka kwamba wanamlilia yeye.

Bi Mwantumu alizidishiwa sikio. Ameuza karanga na kashata nje ya Sinema Marijani tangu akiwa msichana, na kwa kishindo cha ndara tu anajua kama mtu anakuja kununua au anakuja kuonja. Usimnong'onee jirani yako mbele yake. Atakujibu yeye.

Sengasu alizidishiwa miguu. Sengasu ni refa wa mechi za mtaani, na nyinyi mnaozijua mechi za mtaani hamhitaji kuambiwa mbio zake alijifunzia wapi. Akitoa penalti dakika ya themanini na nane, dakika ya tisini yeye yuko mtaa mwingine kabisa, Chumbageni. Mashabiki wamemfukuza miaka kumi na minne na hawajamtia mkononi hata mara moja.

Basi, hao watatu wawekeni pembeni kidogo, sasa nawaleteeni mwenye kesi.

Mwenye kesi ni Bi Zawena. Mkimwona leo mtaona mama mtu mzima, mjane, miwani imefungwa kwa uzi. Lakini alipokuwa na miaka kumi na tisa, watu wa filamu walikuja Tanga wakamtia kwenye filamu yao, ikaitwa *Harusi Imeota Magurudumu*. Yeye ndiye bibi harusi. Anaozwa kwa tajiri asiyemtaka, basi siku ya harusi anaruka dirishani na shela lake, anadandia baiskeli, anakimbia mji mzima wanamfukuza. Mwisho wa filamu anampakia kwenye keria kijana anayempenda, wanaondoka zao.

Sasa, yule mwigizaji aliyepangiwa kupakiwa akagoma. "Mimi mwanamume nipakiwe na mwanamke? Kwetu wataniona!" Wakambembeleza, wapi! Pale kando alikuwepo kijana wa kuleta soda, jina lake Mhando. Akaweka kreti chini, akasema, "Mimi nipakieni tu, miguu yenyewe inaniuma." Akapakiwa. Walipiga picha ile mara tisa kwa sababu Bi Zawena alikuwa anacheka, na kufikia mara ya tisa Mhando alikuwa ameshaposa. Wakaishi miaka thelathini na mmoja, mpaka Mhando alipofariki.

Baiskeli ya filamu wakaachiwa wao zawadi ya harusi. Bi Zawena aliiweka sebuleni, kaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Wageni walikuja kuitazama, wanafunzi walipiga nayo picha. Kugusa usukani, ruksa. Kukaa kwenye keria, hapana. Toka Mhando afe hakuna aliyekaa pale, na aliyejaribu alipigwa na ufagio.

Mwaka huu nakala ya filamu ikapatikana kwenye stoo ya Sinema Marijani. Ikasafishwa, watu wakafurahi, ikapangwa ionyeshwe Jumamosi saa tisa alasiri. Tatizo moja. Mkanda wa mwisho ulikuwa umeungua. Bibi harusi anafika kwenye kona, anageuza shingo, basi, peupe. Ile ya keria haimo. Bi Zawena akawaambia, "Msisumbuke. Peupe pakifika, mimi nitaingia ukumbini na baiskeli yenyewe, nimalizie." Mji mzima ukawa unazungumza hilo.

Jumatatu Bi Zawena akaenda kumjulia hali mgonjwa. Aliporudi, mlango umevunjwa, kitambaa cha kudarizi kimekunjwa vizuri juu ya kigoda, baiskeli hakuna.

Alilia, msicheke. Alikaa sakafuni pale ilipokuwa baiskeli akalia kama siku ya mazishi. Majirani walipomwinua akasema maneno haya, na myasikie vizuri maana kesi yote imo humo: "Sina kitu cha kumpa mtu. Lakini atakayenihangaikia mpaka baiskeli ya Mhando irudi, huyo nitampakia kwenye keria, niingie naye ukumbini mbele ya Tanga nzima, akae alipokaa Mhando. Isiporudi, mimi siingii sinema, na filamu ibaki bila mwisho."

Haya. Mdomo ukaanza.

Shelukindo aliposikia hakusubiri kuombwa. Jumanne alfajiri alikuwa Barabara ya Kwanza, si mnajua barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, na kipaza sauti chake: "Enyi watu wa Tanga! Bibi harusi wenu kaibiwa! Ile baiskeli iliyokimbia mji mzima mkashangilia, leo mwizi kaikimbiza, na nyinyi mmekaa mnakunywa uji! Ni nyeusi! Ni ya zamani! Ina kengele, ina keria! Ikionekana, iletwe Sinema Marijani!"

Watu waliacha vikombe. Wanawake walilia, wanaume wakaapa. Siku nne Shelukindo hakupumzika, barabara kwa barabara, mpaka sauti ikaanza kukwaruza.

Lakini jamani, nyinyi Tanga mnaijua. Baiskeli nyeusi, ya zamani, ina kengele, ina keria! Hiyo si ndiyo baiskeli ya kila mtu? Kufika Jumatano mchana, uwanja wa Sinema Marijani ulikuwa na baiskeli mia mbili na kumi na tatu. Ya katibu wa msikiti ililetwa mwenyewe akiwa kwenye sala. Ya mwalimu mkuu ililetwa na wanafunzi wake, kwa shangwe. Mzee mmoja kutoka Makorora alileta ya kwake mwenyewe.

Bi Zawena akamuuliza, "Sasa babu, hii si yako?"

"Ni yangu, mwanangu. Nimesikia sifa zake nikaona zinafanana, nikaingiwa na hofu."

Na mama mmoja akaleta ya mumewe. Akaambiwa siyo. Akasema, "Najua siyo. Kaeni nayo tu. Huwa inampeleka Barabara ya Kumi na Saba kila usiku." Wakaipokea.

Mtasema Shelukindo kavuruga. Ngojeni. Kwa sababu ya mdomo wake, kuanzia Jumanne hakuna baiskeli nyeusi iliyopita Tanga bila kukamatwa. Mwizi alikuwa na mteja anamsubiri stendi, aipakie kwenye basi ipotee moja kwa moja. Alipochungulia nje akaona watu wanavyoparamia baiskeli za watu, akarudi ndani akafunga geti. Baiskeli ikabaki mjini.

Sikio nalo likafanya yake.

Bi Mwantumu, mnakumbuka nimesema ameuza karanga nje ya sinema. Filamu hiyo ilipoonyeshwa zamani ilikaa miezi saba, mara mbili kwa siku, naye alikuwa pale ukutani na sinia lake. Kuiona hakuiona hata siku moja, maana angemwachia nani karanga? Aliisikia tu. Anayajua maneno yote kwa moyo, anajua wapi watu wanacheka, wapi wanakohoa. Na kengele ya ile baiskeli anaijua kuliko mlio wa mlango wake. Ilianguka siku ya kupiga picha ikapata ufa, ikawa inalia *kri-kri*, halafu inakwama *kraa*.

Jumamosi alasiri anapita Barabara ya Kumi na Mbili, sinia kichwani. Nyuma ya ukuta fulani akasikia: *kri-kri, kraa.*

Akasimama. Ikalia tena: *kri-kri, kraa.*

"Ee!" akasema peke yake. "Hapo anakata kona ya sokoni! Hapo ndipo tajiri anatumbukia kwenye mtaro!"

Akatua sinia chini katikati ya barabara, kitu ambacho hajapata kukifanya maisha yake yote, akaanza kugonga geti kwa mikono miwili. "Fungua! Wewe uliye ndani, fungua! Mwizi! Watu wa Mungu, baiskeli ya Bi Zawena iko humu!"

Geti likafunguka, akatoka mtu juu ya baiskeli, kasi, akamkwepa Bi Mwantumu, akagonga sinia, karanga zikamwagika barabarani. Alikuwa Mbelwa, fundi baiskeli. Kila mtu anamjua Mbelwa.

Na hapo miguu ikaingia kazini.

Sengasu alikuwa anapita kwenda kuchezesha mechi, kavaa nguo zake nyeusi, filimbi shingoni. Bi Mwantumu akapiga kelele, "Refa! Huyo! Mkamate!" Sengasu hakuuliza swali. Alijifunga kamba za viatu akiwa tayari anakimbia.

Barabara ya Kumi na Tatu, ya Kumi na Nne, Mbelwa mbele, Sengasu nyuma, filimbi inalia. Na hapa ndipo watu wetu walipotaka kuniua kwa kicheko. Walipomwona refa anakimbia na jasho linamtoka, mnadhani waliona mtu anayefukuza? Miaka kumi na minne wamemwona anafukuzwa! "Mpisheni refa! Leo kawakosea tena!" Mwenye mkokoteni akausukuma katikati ya njia nyuma yake ili kuwazuia mashabiki, na mashabiki wenyewe hawapo. Barabara ya Kumi na Sita bibi mmoja akamdaka mkono akamvuta uani kwake.

"Ingia hapa mwanangu, jifiche kwenye pipa. Wakija nitawaambia sijakuona."

"Bibi niache, mimi leo ndiye ninayefukuza!"

"Ndivyo mnavyosemaga wote. Ingia!"

Akachomoka. Mbelwa yuko mbali, anaikaribia Barabara ya Ishirini, na baada ya hapo ni njia kuu. Sengasu akakumbuka ile siku ya fainali, walipomfukuza na mawe, akakimbia vile vile. Kwenye kona ya Ishirini akaidaka keria kwa mkono wa kushoto, akaburutwa hatua kama kumi, soli zinatoa vumbi, mpaka baiskeli ikasimama. Mkono wa kulia, kwa mazoea, ukatoa kadi nyekundu.

Mbelwa akaitazama kadi, akashuka mwenyewe. Tanga mtu anaweza kubishana na polisi, lakini kadi nyekundu ya Sengasu haijapata kubadilishwa.

Saa kumi na nusu hao wakafika Sinema Marijani, na nusu ya mji nyuma yao. Nusu nyingine ilikuwa ndani, filamu imeshaanza, maana watu walichoka kungoja. Bi Zawena alikuwa nje, kaketi kwenye ngazi peke yake na gauni lake jeupe, amekataa kuingia. Alipoiona baiskeli akasimama, miwani ikaanguka. Akaipapasa kengele, akaipapasa siti. Alipofika kwenye keria akaweka kiganja akakiacha pale.

Kisha ugomvi ukaanza.

Bi Mwantumu akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya shoga, mimi napandia upande gani?"

"Upande?" akasema Sengasu. "Mama yangu, heshima yako, lakini nani kaikamata? Ungebaki unasikiliza kengele mpaka Mombasa."

"Na wewe ungemfukuza nani? Ulikuwa unakwenda kuharibu mechi ya watu! Ni mimi niliyekuelekeza. Halafu karanga zangu zote zimeliwa na kuku wa Barabara ya Kumi na Mbili. Na filamu hii nimeisikia miezi saba sijaiona hata mara moja. Leo nisiingie mimi, aingie nani?"

Shelukindo naye akaja mbele akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Siku nne za kutangaza, sauti yote imekwisha. Mtu mwenye mdomo kuliko wote Tanga, siku ya kesi yake anapuliza hewa tu! Ikabidi Bi Mwantumu, ambaye ndiye pekee mwenye sikio la kumsikia, awe mkalimani wake, tena dhidi ya nafsi yake.

"Anasema," Bi Mwantumu akatangaza kwa shingo upande, "anasema bila yeye, baiskeli ingeondoka na basi Jumanne, na hilo sikio langu lingesikia nini. Na anasema sauti haijulikani kama itarudi. Haya, nimemaliza, na sikubaliani naye."

Bi Zawena akawatazama mmoja mmoja. "Wote mmenihangaikia," akasema. "Wanangu, wote. Lakini keria ni moja." Akashika usukani, akaisogeza baiskeli hatua mbili ili apate nafasi ya kufikiri.

Akasimama. Akaisogeza tena. Magurudumu yakazunguka, *trrrrr*, laini kabisa.

Uso ukambadilika. "Hii baiskeli inakwenda," akasema.

Watu wakamtazama kama aliyechanganyikiwa. Baiskeli haiendi? Lakini hapo ndipo jambo lilipo, na yeye mwenyewe kwa uchungu wake wote alilisahau. Baiskeli ile ilikuwa imekwama miaka ishirini! Cheni imeganda kwa kutu, mipira imeoza, breki zimeng'ang'ania. Aliuahidi mji mzima kwamba ataingia ukumbini anaendesha, aliahidi kumpakia mtu, kaahidi kwa machozi, na chombo chenyewe kilikuwa hakisogei hata kwa kusukumwa. Hakuna aliyewaza hilo, hata mimi. Mbelwa aliibeba begani siku ya kuiiba.

"Nani kaitengeneza?" Bi Zawena akauliza.

Kwa nyuma, mkono mmoja mweusi kwa grisi ukainuka. "Mimi, mama."

"Wewe!"

"Nilitaka kuiuza, sikufichi. Kuna mtu aliitaka, wa kuweka hotelini. Lakini nilipoona siwezi kuitoa nje, nikasema ngoja niitie mafuta kidogo. Nikaitia. Nikaona cheni, nikabadilisha cheni. Nikaona mipira. Siku nne sikulala vizuri, mama, nimeifungua mpaka gololi. Ilipokwenda, sikutaka tena kuiuza. Nilikuwa naizungusha uani nikipiga kengele tu. Ndivyo nilivyokamatwa."

Bi Zawena akamfuata. Akampiga kofi lililosikika mpaka ndani ya ukumbi. "Hilo la wizi," akasema. Halafu akaushika ule mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili, akaanza kulia. "Mhando aliniahidi kila Jumapili kwamba ataitengeneza. Kila Jumapili, mpaka akafa."

Hapo kelele ndiyo ikalipuka. Sengasu anasema mwizi haingii uwanjani, kadi nyekundu ni kadi nyekundu. Bi Mwantumu anasema huyu apelekwe polisi kwanza, ya keria baadaye. Yule babu wa Makorora anasema, jamani, bila huyu kijana hata mkimchagua malaika atapanda nini? Mwingine anamjibu, bila huyu kijana kusingekuwa na wizi wowote, mama angekuwa kwake! "Angekuwa kwake na baiskeli haiendi!" anasema babu. "Angeingia ukumbini ameibeba kichwani?" Shelukindo anapunga mikono, anasema jambo zito sana, hakuna anayemsikia.

Na ndani, nawaambia, filamu imefika kwenye kona. Bibi harusi wa miaka kumi na tisa akageuza shingo, akacheka, halafu peupe. Watu elfu moja wakaanza kupiga miguu sakafuni na kuita, "Keria! Keria! Keria!"

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa wazi. Bi Zawena akajifuta machozi, akapanda kwenye siti, mguu mmoja juu ya pedeli, mmoja chini. Keria tupu nyuma yake. Hakugeuka. "Mimi siwezi," akasema. "Amueni nyinyi, lakini upesi."

Mimi ndipo niliposhindwa, na toka siku hiyo sijapata jibu. Mnaona wenyewe, mdomo uliifungia baiskeli mjini, sikio likaifichua, miguu ikairudisha, na mikono ya mwizi ikaifanya iende. Mama alisema atampakia aliyemhangaikia mpaka irudi. Hakusema awe mtu mwema.

Haya mahakimu, msinitazame mimi. Wewe uliyenyamaza toka mwanzo, anza wewe: watu wanapiga miguu, mlango uko wazi, mama anangoja. Unampandisha nani?